Telekonvata, tyubu au lenzi ya kubandika: kipi cha kuongeza kwenye lenzi ya makro?

Fukusi wa magugu maji ana urefu wa takriban milimita 4. Aina mbili za fukusi hawa, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini kama ilivyo kwa gugu lenyewe, zililetwa Ziwa Victoria miaka ya 1990 ili wale majani yake na kulidhoofisha. Leo ukifunua majani machanga ya gugu lililosukumwa na upepo hadi ufukweni Nyegezi, Mwanza, huenda ukamkuta mmoja amejibanza kwenye kikonyo, na juu ya jani ukaona makovu madogo ya mviringo pale alipoparua ngozi yake usiku. Mpiga picha mwenye lenzi ya makro ya milimita 100 humsogelea hadi mwisho wa uwezo wa lenzi, yaani ukuzaji wa 1:1, ambapo mdudu huchorwa kwa ukubwa wake halisi kwenye sensa, sehemu ya kamera inayopokea picha, akabonyeza, kisha akatazama kioo cha kamera. Kwenye sensa yenye upana wa milimita 36, fukusi amechukua sehemu moja ya tisa tu ya upana wa picha. Kila kitu kiko sahihi, lakini mdudu bado ni nukta.

Hapo ndipo swali huanza: niongeze nini ili nimkuze zaidi bila kununua lenzi nyingine? Njia zinazozungumzwa zaidi ni tatu. Telekonvata ni kipande chenye vioo kinachokaa kati ya lenzi na kamera na kuikuza picha mara 1.4 au mara 2. Tyubu za kurefusha hukaa mahali hapo hapo, ila ndani hazina kioo chochote; kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa. Lenzi ya kubandika hufungwa mbele, kama filta, na hufanya kazi ya miwani ya kusomea. Zote tatu zinaweza kukufikisha karibu na ukuzaji wa 2:1, yaani mara mbili ya ukubwa halisi, lakini kila moja inadai malipo yake, na malipo hayo hayafanani.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima njia hizi kwa vigezo sita: ukuzaji zinaoleta, umbali unaobaki kati ya ncha ya lenzi na mdudu, mwanga, ukali wa picha, namna zinavyovaana na kamera na kuvumilia mazingira ya ufukweni, na gharama. Wengi huanza na ukuzaji na kuishia hapo. Mimi ninaamini kigezo cha pili ndicho kinachoamua mambo mara nyingi zaidi, hasa kwa anayepiga picha za viumbe hai wenye macho, miguu na nia ya kuondoka.

Ukuzaji

Telekonvata huzidisha. Ya 1.4x hugeuza 1:1 kuwa 1.4:1, na ya 2x huifanya kuwa 2:1. Haijalishi kama lenzi yako ya makro ni ya milimita 60, 100 au 180. Jibu ni lile lile.

Tyubu hujumlisha. Unachukua urefu wa tyubu, unaugawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi (zile milimita 60, 100 au 180), kisha unaongeza jibu kwenye ukuzaji uliokuwa nao. Seti iliyozoeleka ina tyubu tatu za milimita 12, 20 na 36, jumla 68. Kwenye lenzi ya milimita 100 seti nzima huongeza 0.68, hivyo kutoka 1:1 unafika takriban 1.7:1. Kwenye lenzi ya milimita 60 unavuka 2:1, ilhali kwenye ya milimita 180 ongezeko ni 0.38 tu. Lenzi nyingi za kisasa hufupisha urefu wake wa fokasi zinapolenga karibu, kwa hiyo huenda ukapata zaidi kidogo ya hesabu hii.

Lenzi ya kubandika hupimwa kwa dayopta, kipimo cha nguvu ya kioo kama cha miwani, na kinyume na tyubu, hupendelea lenzi ndefu. Yenye dayopta 8, mfano Raynox DCR-250, ikibandikwa kwenye makro ya milimita 100 iliyolengwa karibu kabisa, hufikisha 2:1 na kupita kidogo. Hata asiye na lenzi ya makro anaweza kuifunga mbele ya zumu iliyovutwa hadi milimita 200 na kupata takriban 1.6:1, jambo ambalo telekonvata haiwezi kumfanyia.

Anayetaka kuunganisha telekonvata na tyubu aangalie mpangilio. Tyubu ya milimita 36 ikikaa kati ya lenzi ya milimita 100 na telekonvata ya 2x, ongezeko la tyubu nalo huzidishwa na unafika kama 2.7:1. Ukiiweka tyubu nyuma ya telekonvata, upande wa kamera, vifaa vile vile vitakupa kama 2.2:1 tu.

Umbali kati ya lenzi na mdudu

Makro ya milimita 100 ikiwa kwenye 1:1, kutoka ncha yake hadi kwa mdudu hubaki takriban sentimita 14. Tuchukue hiyo kuwa kipimo cha kuanzia.

Ukiweka telekonvata ya 2x, unafika 2:1 na sentimita 14 zako ziko pale pale, kwa sababu telekonvata haibadilishi umbali wa karibu zaidi ambao lenzi inaweza kulenga. Ukiweka tyubu zote tatu, unafika 1.7:1 na unabaki na sentimita 10 hivi. Ukibandika lenzi ya dayopta 8 na kuisukuma hadi 2:1, unabaki na sentimita kama 6 au 7. Tofauti ya sentimita 14 na 7 ni ndogo ukiitazama kwenye rula, lakini kwa buibui arukaye aliyekaa ukutani ni tofauti ya kubaki na kuruka.

Faida hii inaonekana vizuri zaidi kwa mjusi wa mawe wa Mwanza, ambaye jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae. Dume lake lina kichwa na mabega mekundu yanayoelekea waridi na mwili wa buluu iliyokolea, na asubuhi hupanda juu ya jiwe kuota jua. Huyu hakuruhusu ufike sentimita 14. Lenzi ya milimita 100 yenyewe hupata nusu ya ukubwa halisi kutoka umbali wa sentimita 24 hivi. Ukiongeza telekonvata ya 2x, umbali huo huo unakupa 1:1, magamba ya shavu na ukingo wa jicho vikiwa vikubwa kama ambavyo vingekuwa ungemsogelea sentimita kumi zaidi. Nimewahi kukaa karibu nusu saa kwenye jiwe moja nikijisogeza kwa makalio, na najua kwamba sentimita hizo kumi ndizo zilizonipa picha.

Umbali una kazi nyingine pia. Lenzi ikikaribia mno humfunika mdudu kwa kivuli chake, na flashi iliyo juu ya kamera hukosa pembe ya kumfikia. Anayepiga picha furu ndani ya tangi la samaki naye ana unene wa kioo na sentimita kadhaa za maji mbele yake, na kwa ukuzaji mkubwa sentimita 6 zinaweza kuisha kabla ya kumfikia samaki.

Kuna jambo moja zaidi. Telekonvata haikuzuii kulenga mbali. Ukiwa umeinama kwenye magugu na mdiria akatua kwenye kamba ya mtumbwi, lenzi yako ya milimita 100 sasa ni ya milimita 200 na unaweza kumpiga palepale. Ukiwa na tyubu, kila kilicho mbali kimefifia hadi uzivue. Lenzi ya kubandika nayo huzuia kuona mbali, ila zile za kubana kwa vishikizo hutoka kwa sekunde moja.

Mwanga na tundu la lenzi

Sehemu hii ndiyo yenye maneno mengi yasiyo sahihi, kwa hiyo inafaa kwenda nayo taratibu. Tundu ni uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga, na namba ya f ikipanda tundu huwa dogo zaidi. Kupoteza stopu moja ni kupoteza nusu ya mwanga. Lenzi ya makro ikifika 1:1 huwa tayari imepoteza takriban stopu mbili: f/2.8 inafanya kazi kama f/5.6. Telekonvata ya 1.4x huongeza hasara ya stopu moja, ya 2x huongeza stopu mbili. Tyubu za milimita 68 kwenye lenzi ya milimita 100 hula stopu moja isiyotimia. Lenzi ya kubandika haili mwanga wa kuhesabika.

Kwa kusikia hivyo, wengi huhitimisha kwamba telekonvata ndiyo mbaya kuliko zote. Tazama hesabu kwa ukaribu. Ukiwa na 1:1 na tundu la f/8, tundu halisi linalofanya kazi ni f/16, na sehemu iliyo kali ina unene wa karibu milimita 1 kwenye sensa kubwa. Ukiongeza telekonvata ya 2x bila kugusa tundu, tundu halisi linakuwa f/32. Hapo ndipo picha inapofifia yote kwa pamoja, kwa sababu mwanga unaopenya kwenye tundu dogo mno husambaa na kufuta vinyweleo na mistari myembamba. Mpiga picha hulaumu vioo vya telekonvata, kumbe kosa ni tundu.

Dawa ni kulifungua tundu hadi f/4. Sasa, kwenye 2:1, tundu halisi limerudi f/16. Unene wa sehemu kali ni kama robo milimita, na utakuwa robo milimita hiyo hiyo ukifika 2:1 kwa tyubu au kwa lenzi ya kubandika, mradi tundu halisi ni lile lile. Mwanga unaofika kwenye sensa nao utalingana. Kwa maneno mengine, anayepiga kwa tundu halisi la f/16 hapotezi chochote kwenye mwanga wa picha yenyewe kwa kuchagua telekonvata. Kabla ya kuifanya hesabu hii, jua kamera yako inaonyesha namba ipi: Nikon ikiwa na lenzi zake za makro huonyesha tundu halisi linalobadilika kadiri unavyosogea, Canon huonyesha namba ya lenzi.

Hasara ya kweli ya telekonvata iko kwenye kulenga. Lenzi ikiwa wazi kabisa, makro ya f/2.8 yenye telekonvata ya 2x kwenye 1:1 ya lenzi inakuwa f/11, wakati ile yenye lenzi ya kubandika imebaki f/5.6. Kamera za zamani zenye kioo cha ndani huanza kukosa uwezo wa kulenga zenyewe tundu linapopita f/5.6 au f/8, na tundu la kuchungulia huwa giza. Zisizo na kioo huvumilia zaidi. Kwa ukuzaji huu, hata hivyo, wengi wetu hulenga kwa mkono na kusogeza mwili mbele na nyuma polepole hadi jicho la mdudu likae sawa.

Hilo lina uzito Mwanza, kwa sababu saa nzuri za kazi hii ni zile za alfajiri. Kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma, majani yametulia. Kufikia katikati ya asubuhi kila jani la ufukweni linacheza. Lakini saa 12 na nusu mwanga bado ni hafifu na kulenga kwa f/11 ni taabu. Flashi ndogo yenye kipande cha plastiki nyeupe mbele yake, hata kilichokatwa kwenye ndoo, husaidia njia zote tatu, na taa ndogo ya kichwani husaidia macho kulenga.

Ukali wa picha

Telekonvata hukuza picha pamoja na kasoro za lenzi iliyo mbele yake. Kwa bahati njema lenzi za makro ni miongoni mwa lenzi kali zaidi, hivyo zinaistahimili. Ya 1.4x huacha alama ndogo. Ya 2x huonyesha udhaifu wa lenzi, hasa kingoni. Tyubu hazina kioo cha kuharibu chochote, ila huilazimisha lenzi kufanya kazi nje ya umbali iliyosanifiwa, na pembe za picha zinaweza kulegea. Kwa lenzi ya kubandika, kila kitu kinategemea idadi ya vioo: ya kioo kimoja, inayouzwa kwa bei ya chini, huacha mistari ya zambarau na kijani kwenye kingo zenye mwanga; iliyounganishwa vioo viwili au zaidi ili kurekebisha rangi hutoa kazi nzuri sana.

Usisahau pia kukata picha. Picha ya megapikseli 24 iliyopigwa kwa 1:1, ikikatwa ionekane kama 2:1, hubaki na megapikseli 6. Kwa picha itakayotazamwa kwenye simu, hizo zinatosha, na hukununua kitu.

Kuvaana na kamera

Telekonvata ndiyo yenye masharti makali. Nyingi za watengenezaji wa kamera zina kioo kinachochomoza mbele, na kioo hicho kinahitaji nafasi nyuma ya lenzi. Telekonvata za Canon za mfumo wa EF, kwa mfano, haziingii moja kwa moja kwenye makro yao ya milimita 100, lakini zinaingia kwenye ile ya milimita 180; wenye ile ya 100 huweka kwanza tyubu ya milimita 12 katikati. Makro ya Canon ya mfumo wa RF ya milimita 100 haikutengenezwa kupokea telekonvata kabisa, ingawa yenyewe hufika 1.4:1. Telekonvata za kampuni ya Kenko hazina kioo kinachochomoza, ndiyo maana hukubali lenzi nyingi zaidi. Kwa upande mwingine, kampuni ya kamera ya OM System ilitoa mwaka 2023 makro ya milimita 90 inayofika 2:1 yenyewe, na kwa telekonvata yao ya 2x hufika 4:1. Usilazimishe kamwe kuzungusha kitu kinachogoma: ni kioo kinagusana na kioo.

Tyubu huvaana na karibu lenzi yoyote ya mfumo wake. Angalia tu kama zina pini za umeme. Zisizo na pini hazipitishi amri ya kamera, na lenzi nyingi za kisasa zitabaki wazi kabisa bila njia ya kufunga tundu. Lenzi ya kubandika haijali chapa; inaangalia kipenyo cha filta tu.

Kubadilisha vifaa ufukweni

Hapa ziwa lina neno lake. Kuna jioni, hasa karibu na mwezi mwandamo, ambapo wadudu wadogo wa ziwani hutoka majini kwa mamilioni na kupanda angani kama moshi mweusi, kisha upepo huwaleta nchi kavu. Niliwahi kuvua lenzi Capri Point katika jioni ya namna hiyo ili nichomeke telekonvata, nikidhani sekunde tano ni chache. Wawili waliingia. Mmoja alitoka kwa pampu ya hewa. Mwingine alikandamizwa kwenye sensa, na kusafisha mabaki yake kulinigharimu siku mbili bila kamera.

Telekonvata na tyubu zote zinadai uvue lenzi, kwa hiyo zote mbili zinafaa kufungwa ukiwa ndani, kabla ya kutoka, na zibaki hapo hadi urudi. Lenzi ya kubandika haikudai hivyo. Kwa anayefanya kazi kwenye vumbi la kiangazi au kwenye mtumbwi, hiyo si faida ndogo. Kwa upande wa unyevu, tyubu haina kioo cha kuota kuvu. Hizo nyingine mbili zitunzwe mahali pakavu kama lenzi yoyote.

Gharama

Tyubu zisizo na pini ni rahisi kuliko vyote, zikifuatiwa na zenye pini na lenzi nzuri za kubandika, ambazo mara nyingi hukaribiana. Telekonvata, hasa ya mtengenezaji wa kamera, ndiyo ghali. Kama tayari unayo kwa ajili ya picha za ndege, basi swali la gharama limekwisha.

Chaguo kwa kufuata hali

Kama viumbe wako hukimbia, kama ni mijusi ya mawe, kereng'ende kwenye matete au buibui warukao, na lenzi yako inakubali telekonvata, anza na ya 1.4x. Inaacha umbali wote, inachukua stopu moja tu, na kulenga bado kunawezekana. Nenda kwenye ya 2x ukishazoea kufungua tundu hadi f/4 na kulenga kwa mkono.

Kama vitu vyako havitembei, tyubu zinakutosha. Dagaa walioanikwa kwenye vichanja Igombe hawana pa kwenda. Unaweza kukaribia sentimita 10 na kupiga mistari ya magamba na jicho lililokauka, mradi usiwazibie jua. Mwanafunzi anayepiga vielelezo mezani, akiwa na stendi na lenzi fupi ya milimita 60, atapata kwa tyubu zaidi ya anachotafuta na kwa pesa kidogo.

Kama huna lenzi ya makro ila una zumu ndefu, au kama unatembea siku nzima na hujui utakutana na nini, beba lenzi ya kubandika mfukoni. Inamfaa pia asiyetaka kabisa kufungua kamera nje. Atakayeichagua akubali kwamba atakaa karibu sana na mdudu, na ajifunze kumkaribia kwa upole, kutoka chini, bila kivuli chake kumtangulia.

Na kama shabaha yako ni yule fukusi wa milimita 4, njia zote tatu zitakufikisha, kwa sababu mchana amejificha na si mwepesi wa kukimbia. Kinachobana ni nafasi: majani ya gugu yamemzunguka pande zote, na lenzi inayodai sentimita 7 italisukuma jani na kumtikisa. Kwa huyo mimi huenda na telekonvata niliyoifunga nyumbani, hufika kabla ya saa 1 asubuhi, na hupiga picha kumi na tano hadi ishirini nikisogea robo milimita kwa robo milimita, ili baadaye niziunganishe kwenye kompyuta na kumwona mzima, tangu ncha ya mdomo wake mrefu hadi ukingo wa mbawa.